Mizani mbili kwa sheria moja: kutoka Durham hadi Tandahimba

Mtwara kuchele! Lindi hamjambo? Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia. Leo hakuna kuzungushwa mjini wala kuoneshwa maduka ya punguzo. Tunakaa, tunazungumza kuhusu viongozi waliovunja masharti ya korona waliyowawekea wengine. Watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa kamati za afya, shikeni kalamu, maana huko mbele nitasema nanyi.

Korona ilipoingia, nyumbani hatukufungiwa ndani. Machi 2020 shule zilifungwa, ndoo za sabuni zikasimama milangoni, lakini mtu alijiamkia akaenda zake shamba. Hapa Uingereza mambo yalikuwa mengine. Usiku wa Machi 23, 2020 waziri mkuu Boris Johnson alitokea kwenye televisheni akawaambia watu wakae ndani. Machi 26 kanuni zikaanza kazi: marufuku kutoka unapoishi bila sababu ya msingi. Sababu ziliorodheshwa: kununua chakula, dawa, mazoezi, kazi isiyofanyika nyumbani, na nyingine chache. Ukikamatwa faini ni pauni 60, ukilipa ndani ya siku 14 inakuwa 30. Katikati ya Mei wakaipandisha hadi 100, na ukiwahi kulipa, 50. Ikumbukeni hiyo 50, tutakutana nayo tena.

Juu ya kanuni kulikuwa na mwongozo. Hivi ni vitu viwili, na watu wengi walivichanganya. Kanuni ni sheria, polisi anaishika mkononi. Mwongozo ni maelekezo ya afya: mmoja akiugua, yeye siku 7, kaya nzima siku 14, hakuna kutoka. Ndani ya mwongozo mlikuwa na sentensi moja ndogo kuhusu wenye watoto, kwamba wafuate maelekezo kadiri wawezavyo kwani si yote yatawezekana. Sentensi yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kwamba haikusikika kwenye matangazo. Redio, mabango, simu, vyote viliimba neno moja: kaa nyumbani.

Sasa Dominic Cummings, mshauri mkuu wa waziri mkuu. Machi 27 mkewe anaanza kujisikia vibaya. Usiku ule ule wanapakia mtoto kwenye gari wanatoka London hadi Durham, kwenye shamba la baba yake. Ni kilomita zipatazo 420, yaani kama mtu atoke Lindi mjini alale Mkuranga. Kesho yake yeye mwenyewe akaugua. Aprili 12, siku ya Pasaka, akaendesha tena kilomita kama 48 hadi mji mdogo unaoitwa Barnard Castle, akarudi. Aprili 13 wakarejea London. Kimya. Mei 22 magazeti mawili, Guardian na Daily Mirror, yakaitoa.

Tuliza macho hapa, maana watu wengi husema imani ya Waingereza kwa serikali yao ilikufia njiani kwenda Durham. Mimi nasema hapana. Ilikufia kwenye bustani. Mei 25 Cummings alikaa mezani kwenye bustani ya ofisi ya waziri mkuu akaeleza kwa zaidi ya saa nzima. Alihofia wazazi wote wawili wakiugua mtoto atabaki na nani, na kule Durham kulikuwa na ndugu wa kumshika. Hilo mzazi yeyote analielewa. Lakini ile safari ya Pasaka akasema alikuwa anajaribu macho yake kama yanatosha kuendesha gari hadi London, na mkewe na mtoto wakiwa ndani ya gari hilo hilo! Akamaliza kwa kusema hajutii.

Kwa wakulima wa korosho hili halihitaji maelezo marefu, mnaijua kangomba. Mnunuzi wa kichochoroni anakuja na kopo lake linalobeba zaidi ya kilo, anakulipa kilo moja. Hujalalamikia bei, bei mlikubaliana. Unalalamikia kopo. Waingereza nao hawakulalamikia ukali wa sheria. Waligundua kwamba serikali ina mizani yake nyuma ya nyumba, yenye sentensi ya "kadiri uwezavyo", na wao walipimiwa mbele kwa mizani isiyo na sentensi hiyo. Kuna waliokuwa wamewaaga mama zao kwa simu, na mazishini wakahesabiwa kichwa kwa kichwa.

Kesho yake, Mei 26, kwenye mkutano wa kila siku wa serikali kuhusu korona, mchungaji mmoja wa Brighton akauliza swali ambalo mwandishi wa habari hakuwahi kuliuliza vizuri hivyo: je, familia zilizotozwa faini kwa sababu zilisafiri kutafuta mlezi wa mtoto, serikali itazipitia upya faini zao? Waziri wa Afya, Matt Hancock, akakiri kuwa ni swali zuri, akaahidi kulipeleka kwa wenzake. Siku iliyofuata jibu likarudi: hapana. Hapo ndipo mizani mbili zilipowekwa mezani pamoja. Kama sababu ya mlezi ni halali kwa mshauri, ingekuwa halali kwa dereva wa basi. Kama si halali kwa dereva wa basi, basi mshauri alipe. Serikali ilitaka vyote viwili.

Polisi wa Durham walichunguza. Mei 28 wakasema ile safari ya Barnard Castle huenda ilikuwa ukiukaji mdogo, na hawatachukua hatua. Cummings akabaki kazini. Lakini watafiti wa chuo kikuu cha UCL walikuwa tayari wanawauliza watu zaidi ya 40,000 maswali yale yale mara kwa mara tangu kabla ya habari kutoka. Matokeo yao yalichapwa Agosti 2020 kwenye jarida la Lancet: imani kwa serikali ya kushughulikia ugonjwa ilishuka Uingereza yenyewe, England, kuanzia Mei 22, na haikurudi katika wiki walizopima. Uskoti na Wales, zenye serikali zao za kusimamia afya, haikushuka hivyo. Ugonjwa ule ule, televisheni ile ile, tofauti ni nani mwenye sheria.

Uskoti walikuwa wameshapata lao, wakalimaliza mapema. Mganga mkuu wao, Catherine Calderwood, sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye tangazo la televisheni la kaa nyumbani. Ikaja picha yake akiwa kwenye nyumba yake ya pili pwani ya Fife. Aprili 5, 2020 aliomba radhi mchana, mkubwa wake akataka abaki, na kabla ya siku kuisha akajiuzulu. Nadhani aliona tatizo la kiufundi tu: tangazo litaendelea kurushwa na sura ya nani?

Wengine nawapitisha haraka. New Zealand, waziri wa afya David Clark alipeleka familia ufukweni kilomita 20. Akashushwa nafasi barazani, Julai akaondoka. Norway, waziri mkuu Erna Solberg, sherehe ya kutimiza miaka 60, familia watu 13 ilhali kikomo ni 10. Polisi wakampiga faini ya krone 20,000, wakasema wazi kwamba mtu wa kawaida huenda wangemwacha, ila yeye ndiye uso wa masharti. Na majirani zetu Kenya, Julai 2020, seneta Johnson Sakaja alikutwa baa ya Nairobi baada ya saa 3 usiku, wakati wa kafyu. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kusimamia masuala ya korona! Alikwenda mahakamani akakiri, akalipa shilingi 15,000 za Kenya, uenyekiti akauachia. Mwaka 2022 akachaguliwa gavana wa Nairobi. Hapo kila mtu acheke anavyojua, lakini nionesheni ni wapi watu waliendelea kubishana: kwa Sakaja aliyelipa wiki ile ile, au kwa Cummings ambaye hadi leo ukitaja Barnard Castle hapa watu wanakuuliza kuhusu macho?

Boris Johnson mwenyewe hakujifunza. Pati za ofisini kwake zilifichuka mwishoni mwa 2021. Usiku wa kuamkia mazishi ya Prince Philip, mume wa Malkia, Aprili 2021, ofisi ile ilikuwa na pati mbili, na kesho yake Malkia akakaa kanisani peke yake kwa kufuata kanuni. Polisi walitoa faini 126 kwa watu 83. Johnson alipata moja Aprili 2022, zile pauni 50, waziri mkuu wa kwanza kukutwa na kosa la kuvunja sheria akiwa madarakani. Pauni 50! Hazikumwangusha hizo peke yake. Alishasimama bungeni Desemba 2021 akasema mwongozo ulifuatwa, na Juni 2023 kamati ya bunge ikaamua alilipotosha bunge.

Sasa nyumbani. Msiseme lokdauni haituhusu. Kipindupindu kikiingia, halmashauri inakataza kupika chakula cha mkusanyiko, juisi za barabarani, matunda yaliyokatwa, na kila kaya inatakiwa kutibu maji: kidonge cha klorini kilichoandikwa lita 20 kwenye ndoo ya lita 20, funika, subiri dakika 30, maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Wananchi wanatii. Halafu mtu anapita mbele ya ofisi, ndoo ya kunawia mikono ipo, koki imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, ndani hakuna tone. Hiyo ndiyo Durham ya kwetu. Haihitaji gazeti, watoto wa shule wanaiona saa moja asubuhi.

Kabla kamati haijatangaza katazo, ijiulize swali moja lisilopendeza: kati yetu sisi tulio hapa, nani atalivunja wa kwanza? Jibu mara nyingi ni msiba. Chukulia kijiji fulani Tandahimba, katazo la pilau lina siku nne, anafariki mzee wa ukoo wa mwenyekiti. Wageni wanatoka Newala na Masasi. Watakula nini? Kama hukuandika jibu kabla, utaliandika kwa ajili ya mwenyekiti, na kila mtu atajua limeandikwa kwa ajili ya nani. Kwa hiyo andika mapema, kwa maneno mafupi, kitu kama: "Msibani, wanaolala kwa marehemu wapikiwe chakula cha moto kwa kibali, wengine wote warudi kula makwao." Kisha soma sentensi hiyo kwenye kipaza sauti kilekile kilichosoma katazo, kwa sauti ileile. Kosa la Waingereza lilikuwa hapo: katazo kwenye redio, msamaha kwenye ukurasa wa ndani.

Kibali kiwe na daftari lenye namba na nakala: jina, sababu, idadi ya watu, saa ya kuanza na kuisha, sahihi mbili. Cha kiongozi kisisainiwe na kiongozi mwenyewe wala aliye chini yake; kipelekwe kwa mtendaji wa kata. Nakala zibandikwe ubaoni kila Ijumaa. Mkitaka katazo liwe sheria ndogo yenye faini, lipite mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri ya kijiji ilipitishe, halafu liende wilayani kuidhinishwa. Mkiruka hapo, mwananchi mmoja mjanja atawashinda, na atakuwa na haki.

Na kiongozi akikosea? Siku ile ile, kabla jua halijazama, sentensi nne: nilifanya nini, lini, nimevunja kifungu kipi, ninalipa kiasi gani. Sababu usiiweke hapo. Najua inauma, unayo sababu nzuri, mtoto alikuwa na homa. Iweke kwa ajili ya kikao, ukiulizwa. Sababu ikitangulia, watu hawasikii kosa, wanasikia tundu, na kesho kila mmoja atapita kwenye tundu hilo na mtoto wake mwenye homa. Faini iwe kiwango kile kile cha mama ntilie, ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, risiti ibandikwe ubaoni. Msipokee taslimu mkononi. Fedha ya mkononi haina shahidi, na hapo hata aliyelipa kweli ataitwa mwongo. Wakati huo kazi ya kukagua wengine aikabidhi kwa mjumbe mwingine hadi katazo liishe.

Nanyi wananchi, msiwe wepesi. Ukitumiwa picha ya kiongozi kwenye mkusanyiko, tafuta vitu vitatu: tarehe ya tukio, si tarehe ya kutumwa, mahali, na kanuni iliyokuwepo siku hiyo hapo mahali. Hapa kanuni zilibadilika kila baada ya wiki chache, kilichokuwa kosa Aprili kilikuwa ruksa Juni. Keir Starmer, akiwa kiongozi wa upinzani, alipigwa picha na chupa ya bia dirishani mjini Durham, Aprili 30, 2021. Watu wakasema naye huyo. Akasema mapema kwamba akipigwa faini anajiuzulu. Polisi walewale wa Durham wakachunguza, Julai 8, 2022 wakasema hana kesi, ilikuwa mapumziko ya kula akiwa kazini. Picha ilikuwa ya kweli kabisa, kosa halikuwepo.

Nimeishia hapo. Wenye ofisi, hiyo ndoo ijazwe kabla ya saa moja asubuhi, na koki mpya inapatikana sokoni, mpira wa baiskeli urudi kwenye baiskeli. Bofyeni kengele, tuonane Jumamosi.