Mwalimu, Hiyo Si ya Masomo

Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, Nairobi, wiki ya 12 ya muhula

Karibuni, ketini. Naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na kuna walimu huko nyuma ambao bado wana vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Asanteni kwa kuja. Najua mna makala tatu za kuwasilisha kabla muhula haujafungwa, na wengine mna mapendekezo ya utafiti ambayo wasimamizi wanayadai. Najua pia kwamba jana usiku, kati ya makala ya pili na ya tatu, mlitazama kitu au mlisikiliza kitu, mkaenda kulala mkijilaumu. Hicho mlichokitazama ndicho kilichonileta hapa.

Walionisikia mwaka jana watasema nimerudi na lile lile: kwamba mnachokipenda kutazama na kusikiliza kinafaa kuandikiwa makala. Nimerudi nalo, naam, kwa sababu makala zilizo mezani kwangu zinaonyesha halijasikika.

Chukueni kozi ya tafsiri. Kila muhula nawaambia wanafunzi wachague matini yoyote ya tafsiri na kuihakiki. Nasisitiza neno yoyote. Na kila muhula napokea rundo la makala kuhusu Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri hiyo ya The Merchant of Venice ya Shakespeare mwaka 1969, na ni kazi ninayoiheshimu. Kwa nini mfanyabiashara wa Shakespeare amegeuzwa bepari? Ni swali zuri, na lilikuwa zuri sana kwa yule wa kwanza kuniletea. Siku hizi naletewa jibu la aliyetangulia likiwa limevalishwa shati jingine. Anayeandika hakucheka popote akisoma tamthilia ile, wala hakukasirika. Ameichagua kwa kuwa inafanana na masomo. Imezeeka, ina jalada, iko maktabani.

Sasa nitawaeleza habari ya mwanafunzi mmoja, na nitaieleza kwa kirefu, mnivumilie.

Alikuwa anafundisha shule ya msingi mchana na kuja madarasa ya jioni saa kumi na moja na nusu. Katika wiki ya 13 alikuja ofisini macho mekundu, akaniomba siku nne zaidi. Nikamuuliza amekwama wapi. Akasema kila akianza kuandika, sentensi zinamfia. Mada ilikuwa ile ile ya Venisi. Nikamuuliza jana amelala saa ngapi. Akainama, kama mtoto aliyekutwa jikoni akidokoa nyama sufuriani, akasema, "Saa nane, Mwalimu. Nilikuwa naangalia filamu. Zile za kutafsiriwa."

Mnazijua. Hakuna mtu aliyekulia Kayole, Githurai au Kangemi asiyezijua. Kibanda cha video, mabenchi, pazia jeusi mlangoni, na sauti ya msimulizi juu ya sauti ya Wachina na Wahindi na Wamarekani. Leo jina linalojulikana kuliko yote ni DJ Afro, na filamu hazikai tena kwenye kanda, zinakaa kwenye flashi na kwenye simu. Lakini kazi ni ile ile.

Nikamwambia, basi nieleze hiyo filamu. Nilitaka tu atulie. Akaanza kwa kusitasita, kisha akasahau kwamba mimi ni nani. Aliniambia kuna mahali wazee wawili wanakaa kwenye baraza na kuzungumza kwa Kichina muda mrefu, na msimulizi anawaacha waongee, kisha anasema, "Hapa wanaongea mambo ya shamba." Maneno matano tu, na ukumbi mzima umeelewa. Kuna mahali staringi anatembea peke yake njiani bila kusema neno, na msimulizi anajaza kimya kile: huyu anaenda kwa mjomba wake, na mjomba bado anadaiwa kodi ya nyumba. Kuna mahali adui anaapa kulipiza kisasi kwa hotuba ndefu, na msimulizi anaifupisha: "Leo utajua hujui."

Nikamuuliza, kwa nini shamba? Katika filamu walikuwa wanazungumzia nini hasa? Akasema alitafuta toleo lenye maandishi ya Kiingereza chini akalilinganisha. Wazee wale walikuwa wanabishana kuhusu nani atarithi uongozi wa shule ya kungfu. Msimulizi alijua, kwa sababu baadaye anautaja uongozi huo. Lakini pale mwanzoni alichagua shamba, kwa kuwa hadhira yake ikisikia wazee wawili wamekaa wakibishana kwa sauti ya chini, inajua ugomvi wa urithi una uzito gani. Hakuhitaji kueleza zaidi. Filamu ikaendelea.

Niliweka kalamu chini. Nimefundisha nadharia ya mwanatafsiri Eugene Nida ya mwaka 1964, ile ya usawe wa kidinamiki, kwa miaka mingi. Nimeichora ubaoni kwa mishale. Kwamba mfasiri asiangalie neno tu, aangalie lile litakaloamka ndani ya msomaji wa lugha lengwa, lifanane na lililoamka ndani ya msomaji wa kwanza. Na huyu mwanafunzi, mwenye macho mekundu, alikuwa amenipa mfano bora kuliko wowote nilio nao katika maandalio yangu, tena akiwa na udondoshaji, uongezaji na ufidiaji katika kipande kimoja cha dakika kumi. Alikuwa amelinganisha matini mbili. Alikuwa amerudia kusikiliza. Hiyo kazi inaitwa utafiti, na alikuwa ameifanya usiku wa manane, bila kusukumwa na mtu, akiionea aibu.

Nikamwambia, andika hiyo. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, hiyo si ya masomo."

Nimekuwa nikilibeba jibu hilo tangu siku ile. Nani aliyemfundisha hivyo? Si yeye aliyelitunga. Ni sisi walimu, kwa miaka ishirini ya kumwonyesha kwa macho kwamba anachokipenda kiko upande mmoja na elimu iko upande mwingine.

Na hili linaniudhi zaidi hapa Nairobi kuliko popote. Tarehe 24 Oktoba 1968, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kando ya barabara ya Uhuru, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa kwamba masomo yaanzie hapa, na fasihi simulizi iwe katikati ya somo. Owuor-Anyumba alikuwa mtu wa nyimbo na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Fikirini mlio wa nyatiti ulivyosikika masikioni mwa mtu wa 1968 aliyeamini kwamba fasihi ni Shakespeare. Naye angesema vivyo hivyo, hiyo si ya masomo. Leo hakuna anayeshangaa mwanafunzi akiandika kuhusu nyatiti. Msimulizi wa filamu ni fanani, yaani msanii wa fasihi simulizi, ana hadhira mbele yake inayomjibu, ana fomyula zake za kuanzia na za kufungia. Tumekaa tunafundisha sifa za fasihi simulizi kwa mifano ya babu anayesimulia kando ya moto, na huku babu mwenyewe yuko Nairobi, analipa bili ya stima.

Sasa najua mtanipinga, na nimeshasikia pingamizi hizi mara nyingi.

Mtasema Kiswahili cha filamu zile si sanifu, kimejaa Sheng. Ndiyo, kimejaa. Abdulaziz na Osinde walichapisha makala kuhusu Sheng na Engsh, lugha mseto za vijana wa mjini, mwaka 1997, na tangu hapo wanaisimu hawajaacha. Daktari hakatai kumpima mgonjwa kwa kuwa ana homa. Makala yako iandike kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka, hapo sitakuonea huruma, lakini data yako ni lugha ya watu jinsi ilivyo. Chukua noti ya shilingi mia tano. Wakubwa humu ndani wanakumbuka ikiitwa Jirongo, kwa sababu ya kampeni za 1992 na Cyrus Jirongo wa YK'92, kundi la vijana lililoipigia debe KANU. Ndani ya jina moja la mtaani mna uchaguzi mzima. Waulizeni wanafunzi wenu wa shule za upili leo kama wanalijua.

Mtasema vyanzo vya kunukuu havipo. Vipo. Mbugua wa Mungai wa Chuo Kikuu cha Kenyatta ameandika kitabu kizima kuhusu watu wa matatu wa Nairobi. Nyairo na Ogude waliandika mwaka 2005 kuhusu Unbwogable, wimbo wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji ulioibeba kampeni ya uchaguzi ya 2002. Watu hawa walisikiliza redio ile ile mliyoisikiliza ninyi. Na pale ambapo kweli hakuna aliyeandika, si mmesema mnatafuta pengo la utafiti? Mnalitafuta kwa tochi mchana.

Mtasema filamu zile ni za wizi. Hapo nawasikia, na si jambo dogo, kwa kuwa aliyetengeneza filamu ana haki yake. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti na uhakiki, mradi umtaje mwenye kazi. Hutaisambaza filamu. Utanukuu kipande na kukichambua. Na msimulizi ukimrekodi, umwombe ruhusa kwanza, umweleze unafanya nini, na ukimaliza umpelekee nakala. Msiwafanye watu wa mtaani kuwa shamba la kuvuna tu.

Kisha mtasema muda, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimewatetea vya kutosha. Sisemi kutazama vipindi sita vya mfululizo wa Kikorea usiku mmoja ni utafiti. Kutazama peke yake hakuandiki makala. Tofauti ya yule mwanafunzi na mwenzake aliyekesha vilevile ni kwamba yeye alirudisha nyuma. Alisimamisha, akalinganisha, akauliza kwa nini. Alikosa kitu kimoja tu, daftari. Tulipolileta daftari lilikuwa na safu tatu: alichosema mhusika, alichosema msimulizi, na dakika na sekunde kilipotokea. Baada ya siku mbili akagundua kwamba usiku mmoja wa kutazama hivyo unamchosha kuliko kufundisha masomo manane, akatazama filamu moja tu wiki ile. Mapenzi yake kwa filamu yalibaki pale pale. Kilichoisha ni kutazama kwa kukimbia makala.

Maana huko ndiko mnakokimbilia, semeni kweli. Makala usiyoipenda inakusukuma kwenye simu, simu inakula saa mbili, unarudi kwenye makala ukiwa na hatia, na hatia haiandiki. Aliyekwama kwenye foleni ya Rongai saa mbili usiku, ana bando la data na uchovu, hawezi kusoma nadharia. Lakini anaweza kusikiliza wimbo mmoja mara tano na kuandika mstari unaomkera. Fanyeni hivyo.

Makala yake aliileta siku ya tano, siku moja baada ya muda niliompa, na nilimkata alama za kuchelewa kama ninavyomkata kila mtu. Ilikuwa na makosa ya marejeleo na mapitio mafupi mno. Niliisoma nimesimama.

Nina dakika chache, wenye matatu ya mbali wanatazama saa. Nilitaka kuzungumzia michoro ya nganya, zile matatu zilizorembwa, na vichekesho vya magazetini, niviache. Lakini hili la kuhifadhi siliachi.

Kanda za zamani za vibanda vya video zinaoza. Flashi zinafutwa ili filamu mpya ziingie. Sauti za wasimulizi waliotangulia zinapotea, na pamoja nazo Kiswahili cha Nairobi cha miaka ile. Nendeni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki zamani, mkaone mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 kwa miezi michache, lakini maisha yake yote alikusanya alichokipenda: vitabu, stempu, sanaa. Watafiti wanafaidika leo kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kupenda. Ninyi mna simu zenye nafasi kuliko kabati zake. Wekeni nakala mbili, andikeni tarehe, andikeni ilitoka kwa nani na mtaa gani.

Makala za tafsiri nazipokea hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni. Anayetaka kubadilisha mada aje kesho akiwa na mifano mitatu mkononi, asije na kichwa cha makala kitupu. Ofisini nina deki inayocheza kanda za VHS, nimeitengenezesha juzi, inafanya kazi. Na wewe uliyenong'ona hapo pembeni kwamba mjomba wako wa Dandora ana sanduku la kanda chini ya kitanda, tafadhali usitoke kabla hatujaonana.