Upepo wa Omo Kwanza

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu mliokusanyika hapa Leiden, Uholanzi, nawashukuru kwa kunialika tena. Mwenyekiti amenipa dakika 20 na ameniomba, kwa adabu zake zote, nisiirudie habari ya upepo na baiskeli, kwa kuwa niliisema mwaka jana na mwaka juzi. Nitairudia. Nilipokuwa nikiingia nimehesabu baiskeli za wenzetu zilizofungwa nje nikapata tatu, nasi humu ndani hatupungui 40, na jua linawaka.

Hoja yangu ni ileile. Mtu anayengoja hali ya hewa itulie ndipo atoke na baiskeli yake katika majira haya ya machipuko atangoja mpaka Juni, na Juni ikifika atakuwa na shughuli nyingine. Wenyeji wana msemo kwamba Aprili hufanya itakavyo, nao hawausemi kwa kulalamika, bali wakiwa wameshapanda baiskeli. Sisi tuliokulia mwambao tumelelewa na pepo zenye ratiba: kaskazi ina miezi yake na kusi ina miezi yake, na nahodha aliweza kupanga safari ya Muskat na ya kurudi akiwa nyumbani kwake. Upepo wa huku haukuahidi mtu kitu. Kwa hiyo dawa si kuungoja, ni kuupanga njiani: unaanza na upepo wa omo, unaokupiga usoni, wakati miguu bado ina nguvu, ili ule wa tezi ukusukume nyumbani ukiwa umechoka. Wengi wenu hufanya kinyume chake, mnateleza kilomita 15 mkicheka, halafu mnarudi mkitukana, na baiskeli inawekwa stoo mwaka mzima.

Nitawapa mfano, na waliokwisha kuusikia wavumilie. Mwishoni mwa Aprili alinitembelea shemeji yangu wa Tanga, mvuvi tangu utoto, nikamwazima baiskeli yenye kapu mbele. Upepo ulitoka magharibi, basi tukaelekea Katwijk, baharini, kwa njia inayofuata mkono mkongwe wa mto Rhine. Ni kilomita 9 hivi, nasi tukazitumia saa nzima, kwa sababu tulikuwa na upepo wa omo na kwa sababu sikuwa na haraka. Shemeji aliinama juu ya usukani akasema, "Shemeji, huku mtu angebisha," maana yake kwenda mshazari kama jahazi linalopanda upepo. Nikamweleza kwamba njia ya baiskeli ina upana wa mita chache tu na akianza kubisha humo atakutana na bibi wa miaka 80 anayekuja kasi kuliko sisi.

Pale Katwijk bahari ilikuwa imetakata, hakuna wingu hata moja juu ya maji. Tukashika njia ya kaskazini katikati ya vilima vya mchanga kuelekea Noordwijk, upepo ukitupiga ubavuni, jua likituchoma shingo. Shemeji hakuwa akitazama bahari. Alitazama bara, ambako mawingu yalikuwa yanajitutumua, meupe juu na meusi chini. Akasema, "Tutalowa." Mimi nikatoa simu, nikafungua ile programu ya rada ya mvua ambayo kila mtu hapa anayo, nikamwonyesha kwamba kwa saa mbili zijazo hakuna tone. Akaitazama kwa heshima, akanirudishia.

Tulipogeuka kuelekea nyumbani, upepo sasa wa tezi, tukapita mashamba ya tulipu. Kulikuwa na mashine inayotembea juu ya matuta ikikata vichwa vya maua mekundu na kuvimwaga chini, na shemeji akashuka kabisa kwenye baiskeli kwa mshangao. Ilinibidi nimweleze kwamba mkulima yule hauzi maua, anauza vitunguu vya maua hayo, vile vya kupandwa, na ua likiachwa huila nguvu ya kitunguu kilicho ardhini. Tulikuwa tungali tumesimama pale mvua ya mawe ilipotushukia. Iligonga madigadi kama mtu anayemwaga mahindi kwenye sinia, ikajaza kapu lake hadi tukaweza kuchota kwa viganja, ikatuchapa vidole kwa kuwa mimi, mwalimu wa watu, nilikuwa nimeacha glovu mezani. Baada ya dakika 7 jua lilirudi, njia ikatoa mvuke, na shemeji alikuwa anakula barafu kutoka kwenye kapu.

Sasa, kwa nini simu ilikosea na mvuvi akapatia? Rada huona mvua inayonyesha tayari, na programu ile huisogeza mbele kwa mwendo wa upepo. Mvua ambayo haijazaliwa haiioni. Mwezi wa Aprili jua limeshapata nguvu na huipasha moto ardhi, lakini Bahari ya Kaskazini bado ina ubaridi wa nyuzi 10 hivi, na hewa ya juu bado ni ya kipupwe. Hewa ya bara hupanda, hugeuka wingu, na mvua huzaliwa papo hapo juu ya kichwa chako, ilhali ufukweni, penye maji baridi, mbingu hubaki safi. Ndiyo maana nawaambia kila mwaka: Aprili kaeni karibu na bahari kadiri mwezavyo, na mkigeukia bara inueni macho kwanza, kisha ndipo mtazame simu.

Najua kuna anayenung'unika kwamba hakuvuka bahari ili aje kupiga pedali, kwamba baiskeli ni ya muuza maziwa wa Shinyanga. Bwana, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hii, Mark Rutte, alikuwa akienda ofisini kwa baiskeli, na sidhani alikosa nauli. Na anayesema Waholanzi hawa wamezaliwa nayo, njia wamezikuta, nimjibu pia. Mwaka 1971 magari yaliua zaidi ya watu 3,000 Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kudai njia salama, na mwaka 1973 uhaba wa mafuta ukaleta Jumapili zisizo na magari. Njia hizo zilidaiwa, na sisi tunalipa kodi ya kuzitunza, kisha tunaziacha tupu tukakae kwenye treni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nikimbie. Kupotea njia si kisingizio: makutano ya njia yana namba, unaandika namba zako kwenye karatasi, unaibandika kwenye usukani, unafuata vibao. Utaratibu huo ulibuniwa na Mbelgiji, Hugo Bollen, mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe, ukaanza Limburg ya Ubelgiji mwaka 1995. Taa lazima ziwake, faini zipo. Habari ya akina mama wanaotaka kujifunza ukubwani, ambayo ndiyo niliyoiandalia karatasi ndefu kuliko zote, nitaisema siku nyingine, ila walimu wapo na hawacheki mtu.

Jumapili tunakutana saa nne asubuhi, upande wa stesheni unaoelekea baharini, mvua inyeshe isinyeshe. Ni kilomita zisizozidi 30, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza. Leteni glovu. Asiye na baiskeli anione hapo mlangoni, ninazo mbili za ziada, moja cheni yake imelegea kidogo, na nyingine breki ya mbele inalia kama paka lakini inashika.