Hosta za Rangi Mbili na Kivuli Kinachozifaa

Ndugu wasikilizaji, mtu anayepata kwa mara ya kwanza hosta, mmea wa bustani unaopendwa kwa majani yake, ya majani ya rangi mbili huambiwa aipande kivulini, naye huipeleka chini ya mti mnene ambako hata nyasi hazioti. Ushauri huo haujakamilika. Kwao asili, Japani, Korea na China, hosta huota kwenye kingo za misitu na kando ya vijito, mahali penye kivuli ambapo nuru bado hupenya.

Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kutengeneza chakula kwa nuru, kwa hiyo haijitengenezei chakula bali hulishwa na kijani kilicho kando yake. Aina iitwayo 'Patriot', yenye kijani kipana katikati na ukingo mweupe, huumudu mzigo huo. Aina ya 'Undulata', ambayo weupe wake uko katikati, hukua taratibu zaidi, nami huipangia mahali panapopata jua la asubuhi kwa saa mbili hivi. Jua la mchana silo, kwani huuunguza weupe ukabaki wa kahawia, mkavu kama karatasi.

Rangi hizo mbili hutokana na matabaka ya seli zenye urithi tofauti yanayoishi pamoja katika ncha ya chipukizi, na ndiyo maana tunazizidisha hosta hizi kwa kuzigawa, si kwa mbegu. Tabaka la kijani likitawala, huibuka chipukizi la kijani kitupu ambalo, kwa kuwa linashiba, huyapita mengine yote. 'Undulata' iliyosahauliwa kwa miaka hupoteza weupe hatua kwa hatua hadi ikawa 'Undulata Erromena', isiyo na weupe hata kidogo, na mimi huona huruma kila niionapo. Kukata majani ya chipukizi hilo la kijani peke yake hakutoshi. Fukua udongo kwa vidole mpaka uone chipukizi hilo linapoungana na shina, ulikate hapo hapo na kuling'oa pamoja na mizizi yake.

Kisu kioshwe vizuri kabla hakijagusa mmea mwingine, kwa sababu kirusi kiitwacho Hosta Virus X, kilichotambuliwa mwaka 1996, huenea kwa utomvu na hakina dawa. Kuna hosta zilizowahi kuuzwa kama aina mpya za kupendeza, kumbe madoa yake yalikuwa ugonjwa huo. Weupe wa kweli una mpaka safi. Ukiona rangi imevuja kama wino kufuata mishipa ya jani, ng'oa mmea mzima, wala usiutupe kwenye mboji.