Ubongo Umechakaa, Mzee Yuko Imara

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wazee wawili wa umri mmoja: mmoja anapanga dawa zake na anajua chenji yake dukani, mwenzake anapotea njia ya kwenda sokoni. Tunasema ubongo umezeeka. Haya, lakini si umezeeka kwa wote wawili?

Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa Kikatoliki wa shirika la Notre Dame nchini Marekani. Hatimaye 678 walikubali, wote wakiwa wametimiza miaka 75 au kuipita, na kila mmoja aliridhia ubongo wake uchunguzwe akishafariki. Kwa nini masista? Wanaishi pamoja, wanakula chungu kimoja, hawavuti sigara. Ukiona tofauti kati yao, huwezi kusingizia hayo.

Sista Mary alifariki akiwa na miaka 101, na vipimo vya akili alivifanya vizuri hata uzeeni kabisa. Ubongo wake ulipochunguzwa, ulikutwa umejaa mabaka na vifundo vya protini, alama zilezile za Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa ulikuwamo kichwani, katika maisha yake haukujitokeza.

Wengi wakisimulia habari hii hukimbilia elimu. Wataalamu nao huzungumzia akiba ya ubongo: aliyeutumia sana ana njia nyingine za kupitia moja ikiziba. Masista wale waliandika habari za maisha yao wakiwa wasichana, na ambao sentensi zao zilibeba mawazo mengi walikuwa na akili timamu zaidi uzeeni. Mimi hapo nasita kidogo. Huenda maandishi yalionyesha tu ubongo waliokuwa nao tangu awali.

Linalotufaa zaidi lilichapishwa mwaka 1997. Miongoni mwa masista wenye mabaka na vifundo, wale waliokuwa pia na viharusi vidogo ndani kabisa ya ubongo, hata kimoja au viwili, walipatwa na ugonjwa wa kusahau mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Viharusi hivyo mtu huweza kuvipata asijue, na presha ni chanzo chake kikubwa. Mkiniuliza basi, bao la kuchangamsha akili au kipimo cha presha? Chezeni bao, lakini presha kwanza.

Na masikio, jamani! Mzee anajibu ovyo, mnasema amesahau, kumbe hakusikia mlichomwambia. Mpelekeni akapimwe kabla hamjamnyang'anya funguo za duka.

Haya, nani ana swali?