Kijiti Kimeshasema, Damu ya Nini Tena?

Asanteni kwa kuja, na nawashukuru hasa kina baba mlioketi hapa, maana mada hii mara nyingi huachiwa kina mama peke yao.

Swali nililopewa ni fupi. Mtu amemaliza matibabu ya uzazi. Amechomwa sindano, mayai yametolewa, yamerutubishwa maabara, na kiinitete, yaani yai lililorutubishwa likaanza kukua, kimepandikizwa. Au ametiwa mbegu za mume moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi. Ameambiwa arudi baada ya wiki mbili hivi apimwe damu. Siku zimekaribia, na moyoni anajiuliza: nina haja gani ya kwenda kutobolewa tena? Nikipima mkojo nyumbani nikaona mistari miwili, si nimeshajua? Na nikiona damu inatoka, si nimeshajua pia?

Msimamo wangu nautoa sasa hivi: nenda kapime. Umeona mstari mmoja au miwili, umeona damu au hujaiona, nenda. Wapo wachache wanaoweza kuacha bila hasara, na nitawataja. Lakini miaka yangu ya uuguzi katika kliniki za uzazi imenionyesha kwamba watu wengi wanaokwepa kipimo hiki si wazembe. Wanaogopa. Wamesubiri miaka, na hawataki kuambiwa "hapana" na mtu aliyeshika karatasi. Naielewa hofu hiyo na naiheshimu, ndiyo maana nataka kueleza sababu badala ya kuamuru tu.

Kwanza, kinachopimwa ni nini? Kiinitete kikishajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, seli zake za nje, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma, huanza kutoa homoni ambayo maabara huiandika hCG. Mara nyingi kujishikiza huko hutokea kati ya siku ya 8 na ya 10 tangu yai litoke kwenye ovari. Homoni huingia kwenye damu kwanza, kisha huchujwa na figo na kutokea kwenye mkojo. Vijiti vingi vya kupimia mkojo nyumbani huanza kuiona inapofika uniti 20 hadi 25 kwa lita. Maabara huiona hata ikiwa ni uniti chache tu.

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, madaktari Aschheim na Zondek huko Berlin walikuwa wakidunga mkojo wa mwanamke kwenye panya wachanga, kisha wanawapasua kutazama ovari zao. Hata vipimo vya kemikali vilipokuja, vilichanganya homoni ya mimba na homoni nyingine inayofanana nayo sana, ambayo kila mwanamke anayo mwilini. Mwaka 1972, Judith Vaitukaitis na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha damu kinachoshika sehemu moja tu ya homoni ya mimba, sehemu ya beta, inayoitofautisha na ile nyingine. Njia za maabara zimebadilika tangu hapo, lakini msingi wa "beta" mnayoandikiwa leo ni huo.

Sasa tofauti yenyewe. Kijiti hujibu ipo au haipo. Damu hujibu ipo kiasi gani, na kiasi ndicho tunachokihitaji, kwa sababu kikipimwa tena baada ya saa 48 tunaona mimba inaelekea wapi. Katika majuma ya mwanzo, homoni ya mimba inayokwenda vizuri huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Si lazima ifike maradufu kamili. Ikiwa namba ya kwanza ni chini ya 1,500, madaktari hutarajia iongezeke kwa karibu asilimia 49 au zaidi ndani ya saa 48. Ikipanda kwa kusuasua, ikisimama au ikishuka, tunaanza kufuatilia kwa karibu. Kijiti hakina njia ya kutuambia hayo. Mistari miwili ya leo na mistari miwili ya keshokutwa inaweza kufanana kabisa huku ndani mambo yakiharibika.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo maisha ya mtu yanapoguswa.

Robert Edwards na Patrick Steptoe, waliomfanikisha Louise Brown kuzaliwa tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani wa mimba iliyorutubishwa maabara, walikuwa wameshapata mimba nyingine kabla yake. Waliichapisha habari yake mwaka 1976. Mimba ile ilitunga kwenye mrija wa uzazi, ikabidi iondolewe. Tangu mwanzo kabisa wa matibabu haya, basi, hatari hiyo ilijulikana. Watu wengi huniambia, "Lakini daktari alikiweka kiinitete ndani ya mfuko wa uzazi mwenyewe, nilikiona kwenye skrini." Ni kweli alikiweka. Hakukifunga. Kabla hakijajishikiza kinaweza kusogea na kuingia kwenye mrija. Na kumbukeni ni kina nani wanaokuja kwenye matibabu haya: wengi wao wamekuja kwa sababu mirija yao iliharibika, na mrija ulioharibika ndio unaonasa mimba.

Mimba ya namna hiyo hutoa mistari miwili kama nyingine yoyote. Mama anafurahi, anawapigia ndugu simu, anaendelea na kazi zake. Mrija unatanuka. Siku utakapopasuka atavuja damu ndani kwa ndani, na hapo hatuzungumzii tena mtoto, tunazungumzia kumwokoa mama. Ikigunduliwa mapema kwa namba zisizopanda inavyotakiwa pamoja na ultrasaundi, mara nyingi inaweza kumalizwa kwa dawa, methotreksati, bila kisu. Ndiyo maana nasisitiza. Na hata kabla ya kipimo cha pili: maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Turudi kwa yule aliyeona damu kabla ya siku ya kipimo. Huyu ndiye anayeniumiza zaidi. Anaona damu, analia, anatupa dawa zake za projesteroni, homoni inayosaidia mfuko wa uzazi kuibeba mimba, na habanduki kitandani. Dada yangu, damu si hukumu. Takriban mwanamke 1 kati ya 4 hutokwa na damu katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na wengi wao huzaa salama. Kwa upande mwingine, hedhi kutokuja si habari njema pia, kwa sababu projesteroni tunayokupa inaweza kuizuia hata kama hakuna mimba. Matiti kuuma, tumbo kujaa, uchovu, kusikia usingizi mchana: dawa hiyo huleta yote hayo. Tumekuvuruga dalili zote ambazo mwanamke mwingine angezitegemea kuusoma mwili wake. Basi haki yako ni kupewa kipimo kisichovurugwa na projesteroni.

Na kuzitupa dawa ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa ulipandikizwa kiinitete kilichokuwa kimegandishwa, na mfuko wako wa uzazi ukaandaliwa kwa dawa tupu bila yai lako kupevuka mwezi huo, mwili wako hauna chanzo chake cha projesteroni ya kuibeba mimba. Inategemea dawa peke yake mpaka kondo la nyuma lichukue kazi hiyo majuma kadhaa baadaye. Ukiacha dawa kwa sababu ya tone la damu au kijiti kilichosema hapana mapema mno, unaweza kuipoteza mimba iliyokuwa hai. Dawa huachwa baada ya namba ya damu, na baada ya kliniki kukuambia uache.

Wanaopima mapema nao wana mtego wao, tena wa pande mbili. Ile sindano ya kukomaza mayai mnayochomwa usiku kwa saa maalumu, mara nyingi ni hCG yenyewe, uniti 5,000 au 10,000. Inaweza kubaki mwilini hadi siku 10, wakati mwingine 14. Ukipima siku ya tano baada ya kupandikizwa ukaona mistari miwili, huenda umeipima sindano. Halafu siku zinapita, mstari unafifia, na wewe unaomboleza mimba ambayo haikuwahi kuwepo. Upande wa pili, kiinitete kilichojishikiza jana bado hakijatoa homoni ya kutosha kuonekana na kijiti. Kwa hiyo siku uliyopangiwa, ambayo kwa kawaida huwa kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kupandikizwa, kutegemea umri wa kiinitete, ina sababu zake. Damu pia ikipimwa mapema mno hudanganya.

Nani basi anaweza kuacha? Mwanamke aliyepewa vidonge tu vya kuamsha ovari, bila sindano ya hCG, bila projesteroni, mwenye mirija mizima na asiye na historia ya mimba kutunga nje, anaweza kupima mkojo siku hedhi inapochelewa na kuendelea kama mwanamke mwingine yeyote. Pia zipo kliniki, nyingi nchini Uingereza kwa mfano, zinazomwambia mgonjwa apime mkojo nyumbani siku maalumu na kupiga simu, kisha huita kwa damu pale tu panapohitajika. Utaratibu huo hauna ubaya, kwa sharti kwamba siku ni hiyo hiyo waliyosema, kwamba ultrasaundi ya wiki ya 6 au 7 imeshapangwa, na kwamba maumivu au damu vikitokea damu inapimwa mara moja. Lakini aliyewahi kupata mimba ya nje, au aliyetoa mayai mengi na tumbo lake limejaa maji, simshauri kutegemea kijiti. Huyo wa pili homoni ya mimba inaweza kumzidishia hali ile, na daktari wake anahitaji kujua mapema.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiona ni ya haki. Damu huona mimba zilizojishikiza siku mbili tatu kisha zikakatika, mimba ambazo kijiti kisingeziona na mwanamke angedhani ni hedhi yake tu. Kwa nini amjue mgeni ambaye hakukaa? Nimewasikia wanaoniambia wangependa wasijue, na sibishani na uchungu wao. Ninachowaambia ni kwamba kwa daktari anayepanga mzunguko unaofuata, kiinitete kilichojishikiza kikakatika na kiinitete ambacho hakikujishikiza kabisa ni habari mbili tofauti. Pia namba iliyopanda kidogo lazima ifuatwe mpaka irudi sifuri, maana mimba ya nje nayo huweza kuanza kwa namba ndogo namna hiyo.

Kuhusu namba yenyewe mkiipata. Chini ya 5, siku ikiwa sahihi, hakuna mimba. Juu ya 25, mimba ipo. Kati ya 5 na 25 hakuna jibu, kuna kurudi baada ya saa 48, na naomba msimpe mtu pongezi wala pole katika saa hizo. Rudieni kwenye maabara ile ile, kwa kuwa mashine tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ile ile. Usilinganishe namba yako na ya rafiki yako: mimba mbili nzima za umri mmoja hupishana mno, na namba kubwa peke yake haithibitishi mapacha. Jambo dogo ambalo wengi hawalitaji: vidonge vya biotini vya nywele na kucha, vikiwa vya nguvu kubwa, vinaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya homoni. Mwambie anayekutoa damu kama unavitumia.

Na kabla hujatolewa damu, panga utaipokeaje habari. Uliza majibu yatatoka saa ngapi na nani atapiga simu. Kama uko kazini mchana, una haki ya kuomba upigiwe jioni, au apigiwe mumeo kwanza, au msipigiwe bali mje pamoja. Kina baba, siku hiyo msiwe mbali. Nimewaona wanawake wakipokea jibu peke yao kwenye kituo cha basi, na halikuwa jambo la lazima.

Jibu likiwa hapana, uliza mambo mawili kabla hujakata simu: niache dawa zipi na lini, na lini nitaonana na daktari kuzungumza. Hedhi kwa kawaida huja siku chache baada ya kuacha projesteroni, na inaweza kuwa nzito kuliko ulivyozoea. Jibu likiwa ndiyo, endelea na dawa zote kama ulivyoandikiwa, rudia kipimo ukiambiwa, na usiikose ultrasaundi, kwa sababu namba nzuri haituonyeshi mimba imekaa wapi wala kama moyo unapiga.

Nimeona mikono imeshaanza kuinuka kule nyuma. Karibuni, na anayependelea kuuliza faragha, nitabaki hapa baada ya wengine kuondoka.