Kiitikio Kibebe Hoja: Kugeuza Nyimbo za Kizazi Kipya Kuwa Somo

Walimu wenzangu wa Mwanza, wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Tukigeuza wimbo wa Bongo Fleva kuwa somo, wengi tunazijaza tarehe kwenye kiitikio. Hapo ndipo somo linapoharibika. Kiitikio ndicho mwanafunzi atakachoondoka nacho hadi kwenye daladala. Kikibeba tarehe tupu, atabaki na tarehe tupu. Hoja ikae hapo, tarehe ziende kwenye beti.

Tena tarehe zetu ni ndefu. "Elfu moja mia tisa na tano" ni mizani (silabi) 11, inameza mstari mzima kabla hujafika Umatumbi, vilikoanzia Vita vya Maji Maji. Taja karne mara moja mwanzoni, halafu imba "tisa sifuri tano", mizani 7.

Kabla ya kuandika neno lolote, sikiliza wimbo ukigonga meza, uhesabu mizani ya kila mstari na kutia alama dundo zito linapoangukia. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Dundo likiangukia ya mwisho, darasa litaimba "majíí" na kuangua kicheko. Kisha bakiza irabu za mwisho za mistari ya awali. Ukizibadili, ulimi unarudi wenyewe kwenye maneno ya zamani, hasa yakiwa ya mapenzi.

Sasa falsafa, kwa ninyi wa seminari na vyuo. Chukua Summa Theologiae, kitabu cha Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, sehemu ya kwanza, swali la 2, kipengele cha 3: je, Mungu yupo? Kinaanza na pingamizi mbili: kwamba uovu upo, na kwamba maumbile na utashi wa binadamu vinatosha kueleza kila kitu. Hizo ni beti mbili za mwanzo. Nukuu yake ya Biblia, Kutoka 3:14, ipe mistari miwili, sauti zikishuka. Jibu la Aquinas ndilo kiitikio, na kuzijibu pingamizi ni ubeti wa mwisho. Njia zake tano, yaani hoja zake za kuonyesha kwamba Mungu yupo, usizibane kwenye wimbo mmoja. Ya kwanza peke yake, kwa mizani 8, inakuwa hivi:

Kiendacho chasukumwa,
msukumi kasukumwa,
mlolongo hukomea
kwa yule asosukumwa.

Ukiishia hapo, darasa litaelewa vibaya. Litadhani ni mlolongo wa wakati, baba na babu na babu wa babu, hadi siku ya kwanza ya dunia. Aquinas hasemi hivyo. Yeye aliona akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba dunia ina mwanzo. Mfano wake ni fimbo inayosogea kwa kuwa mkono unaisogeza wakati uleule. Hapa ziwani weka kasia: mkono ukiacha, kasia haliusukumi tena mtumbwi. Ubeti wa tatu uwe wa kasia.

Pingamizi mpe mwimbaji hodari kuliko wote. Ikiimbwa kwa mzaha, nani ataona sababu ya Aquinas kuhangaika kuijibu? Usukumani hili halihitaji maelezo. Wagika na Wagalu, makundi yetu mawili ya ngoma yanayoshindana, hawapati sifa kwa kushinda ngoma dhaifu. Mpangilio huohuo wa makundi mawili unawafaa al-Ghazali, aliyewapinga wanafalsafa, na Ibn Rushd, aliyemjibu kwa maandishi, ila wanafunzi huondoka wakidhani walibishana uso kwa uso. Al-Ghazali alifariki 1111, Ibn Rushd akazaliwa 1126. Liingie kwenye ubeti.

Kwenye historia, adui ni kina cha mwisho wa mstari. Ukisaka "-ni" ya kuoanisha na Berlini, utajikuta umeimba kwamba mkutano wa 1884 na 1885 ndio uliochora mpaka wa ziwa hili. Sivyo. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yaliufikisha mpaka ukingo wa mashariki wa ziwa, penye digrii 1 kusini. Mkataba wa 1890 ndio uliouvusha majini. Kina kikigombana na ukweli, kivunje.

Biti, yaani mdundo wa wimbo, ina mwenyewe, kwa hiyo msiirekodi na kuipandisha YouTube. Darasani makofi na dawati vinatosha.

Baada ya wiki, jaribu hivi: anzisha wimbo kwenye ubeti wa tatu. Anayelazimika kurudi mwanzo ili afike hapo amekariri tu. Kisha wanyamaze, waieleze Njia ya Kwanza kwa sentensi tatu bila kuimba. Majibu mengi yakimtaja babu wa babu, ubeti wa kasia uandikwe upya.