Faili la Mtu Mmoja

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mimi ni mkunga, miaka 22 sasa, na nimezoea kuitwa kuzungumzia uzazi salama. Leo naomba niwazungumzie wanawake wanaokaa kwenye benchi letu la kliniki bila tumbo la mimba, wanaotafuta mtoto.

Huku kwetu mwanamke akishazaa anapewa jina jipya: Mama Rehema, Mama Juma. Aliyekaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto anabaki "mke wa fulani". Kila salamu inamchoma. Kwenye arobaini ya mtoto wa jirani anaosha vyombo huko uani, maana akimpakata mtoto watasema ana kijicho. Nyumbani anaambiwa anajaza choo tu.

Mmoja alinijia na kitenge alichokifunga fundo. Ndani mlikuwa na ultrasaundi tatu, picha ya mirija, vipimo vya homoni, risiti, na chupa ya dawa ya chango. Nikapekua karatasi moja moja. Ya mume haikuwepo hata moja. Nilipomfunga kitambaa cha presha nikaona juu ya kiwiko alama nne zimeanza kugeuka kijani. Akasema alianguka bafuni. Sakafu ya bafu haina vidole. Nikamwomba wifi yake aliyemsindikiza atupishe kidogo, na mlango ulipofungwa tu, akalia.

Ninachoungama mbele yenu ni hiki: kwa miaka mingi na mimi niliwafungulia wanawake faili la mtu mmoja. Nilimuuliza yeye hedhi yake, mimba alizotoa, magonjwa yake. Mume sikumwita. Mwanamke akatoka kwangu na karatasi yenye jina lake peke yake, na ukoo ukaisoma kama hukumu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba maishani. Katika karibu nusu ya ndoa zinazotafuta mtoto bila kupata, upande wa mume nao una tatizo: mbegu chache, mishipa iliyovimba kwenye korodani, matubwitubwi ya ukubwani, kisonono ambacho hakikutibiwa. Na kipimo chake hakiumi. Anakaa siku 2 hadi 7 bila tendo, anapewa kikopo, basi. Mkewe, ili mirija ionekane, anasukumiwa dawa hadi ndani ya kizazi huku ameuma kanga.

Tukisema ukatili, watu wanawaza ngumi. Lakini kuna kunyimwa hela ya dawa, kisha kulaumiwa kwamba hutibiwi. Kuna kulazimishwa usiku kwa sababu "ndizo siku zenyewe". Kuna kutishiwa mke wa pili kila damu inapoonekana. Uchambuzi wa tafiti za nchi za kipato cha chini na cha kati, uliochapishwa 2022, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake wenye ugumba wametendewa ukatili na wenza wao ndani ya mwaka mmoja. Na mnakumbuka Machakos, Kenya, 2016: mwanamke alikatwa mikono kwa panga, na alieleza kwamba hospitali ilishawaambia tatizo liko kwa mume.

Hapo, wauguzi wenzangu, nisikilizeni sana. Kumpima mume ni lazima, lakini majibu yake yakiwa mabaya, anayeweza kupigwa usiku ule ni mke, kwa kuijua siri tu. Kwa hiyo muone mke kwanza peke yake. Muulize: "Ukirudi na majibu haya, utakuwa salama?" Muulize analalaje, anakula nini. Majibu usimpe mama mkwe hata akilia. Na umweleze kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila iseme nini. Dawati la Jinsia lipo polisi. Mpeleke mwenyewe, usimwelekeze kwa kidole.

Yule mama wa fundo la kitenge, mumewe hakuja kupima. Mtoto hajapata. Anaishi kwa dada yake, anauza vitumbua. Mara ya mwisho alikuja kupima presha tu, fundo hakubeba, akaniambia siku hizi analala mpaka adhana.

Nawasikiliza sasa. Mama wa pale nyuma, wewe ulinyoosha mkono zamani.